Kasha la Juu

Kilosa
14 Machi 1996

Mpendwa mwanangu Verdiana,

Marahaba. Naomba radhi kwa kukaa kimya muda mrefu namna hii. Barua zako mbili zilifika salama, ya kwanza kabla ya Krismasi na ya pili mwishoni mwa Januari, kwa hiyo siwezi kuisingizia posta. Sikujibu kwa sababu sikulipenda swali lako. Mtu asiyelipenda swali anapaswa kulijibu mapema zaidi, si kulikalia. Hayo niliwafundisha watoto wa wengine hadi nikastaafu.

Umeuliza mtambo wa marehemu baba yako una thamani gani. Niliposoma neno hilo nilidhani umekuwa kama watu wa siku hizi, ambao tangu mali za umma zianze kuuzwa wanakitazama kila kitu, hata kengele ya shule, kama bidhaa iliyochelewa kufika sokoni. Kaka yangu Kornelio alikuwa karani wa simu za maandishi hapa stesheni. Mchana aligonga habari za treni kwa ajili ya reli. Jioni alirudi kwenye kota, akakaa mbele ya mtambo alioujenga kwa mikono yake, akagonga kwa ajili ya nafsi yake, kwa leseni halali ya redio ya ridhaa, akiwasalimu watu wa mbali ambao hakuwahi kuwaona uso. Hakuuza salamu hata moja.

Mtambo upo. Tangu mama yako alipotakiwa kuihama kota akarudi kwao Vidunda, umekaa sebuleni kwangu juu ya meza ya mninga, umefunikwa kitambaa alichokifuma mama yako mdogo Angela. Kila Jumamosi naufuta kwa mafuta ya taa ili usishike kutu. Hakuna anayeuchezea.

Kuhusu swali lako la pili, lile la kasha la juu, nitaandika wakati mwingine kwa kuwa macho yananisumbua. Kwanza nieleze ni nani anayetaka kuijua thamani hiyo, na ana nia gani.

Ni mimi baba yako mdogo,
Makarius Danieli

&nbsp;

Mikumi
2 Aprili 1996

Baba mdogo, shikamoo.

Nimefurahi mno kuona mwandiko wako. Nilikwisha kumwambia mama kwamba labda nimekukosea adabu. Mama akasema, "Makarius akikasirika huandika. Akinyamaza, ana jambo." Nikamwambia una macho mabaya tu.

Anayeuliza ni fundi Jastin. Alikuwa mtumishi wa serikali Morogoro, akapunguzwa kazi, sasa ana karakana yake, na ndiye aliyekuja kutufungia simu ya upepo hapa hotelini. Nilikuwa zamu ya mapokezi. Nikamtania, "Fundi, hiki kiboksi chako kidogo hivi? Cha baba yangu kilijaa meza nzima." Aliacha bisibisi hewani. "Baba yako alikuwa na mtambo wa kurushia? Wa kununua au wa kujenga?" Nikasema wa kujenga. Akakaa chini kabisa, baba mdogo, sakafuni, akaanza kunihoji kama polisi.

Anasema watu hukosea sana wanapoipima mitambo ya zamani. Wa kiwandani una ndugu zake. Ukiharibika, utamwona mwingine mahali fulani, na bei yake inajulikana. Wa kujengwa nyumbani hauna ndugu. Wajinga huufungua wakachukua valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani, na mita, na shaba, kisha wanatupa kilichobaki. "Kilichobaki ndicho chenyewe," anasema. "Humo ndimo unamwona mtu alivyofikiri. Kwa nini alipitisha waya huku, si kule."

Ameniagiza nikuambie mambo haya, na anaomba radhi kwa kumfundisha mkubwa. Tafadhali usiuchomeke kwenye umeme hata kwa kujaribu tu, maana vipo vitu ndani vilivyozeeka ambavyo vitapasuka. Usiupake rangi. Na mafuta ya taa, jamani, aliposikia mafuta ya taa alishika kichwa. Tumia brashi kavu tu.

Jambo kubwa ni kasha la juu. Anasema kasha la chini peke yake hugonga alama tu, ti-ta-ti, kama stesheni. Kasha la juu ndilo linaloipokea sauti ya mtu na kuipandisha kwenye wimbi. Ndani yake kuna transfoma nzito kama tofali. "Valvu nitazitafuta," anasema, "mita nitazitafuta. Transfoma ile nikiikosa, sauti imekwenda."

Nami kasha hilo nalikumbuka kuliko vyote! Baba hakulihitaji, yeye alikuwa mtu wa kugonga. Alilijenga kwa sababu nilimwuliza kama watu wa huko mbali wanajua kwamba ana mtoto. Siku lilipokamilika alinisimamisha kwenye kigoda akaniambia nitaje jina langu, mara moja, kwa sauti ya kawaida, nisipige kelele. Nikasema, "Verdiana." Mzee mmoja sijui wa nchi gani akalirudia, vibaya, nikacheka mpaka nikaanguka.

Jastin na wenzake wanataka kuanzisha klabu ya redio ya ridhaa Morogoro. Ataufufua mtambo bure, nami nisome, niombe leseni kwa jina langu. Baba mdogo, sijawahi kutaka kitu hivi. Anakuja Kilosa baada ya Pasaka kuuona.

Mwanao,
Verdiana

&nbsp;

Kilosa
11 Aprili 1996

Mpendwa Verdiana,

Marahaba. Mwambie fundi Jastin asije kwa sasa. Mto Mkondoa umejaa, njia ni tope, na mimi niko mbioni kwenda Mvumi kuona kilichosalia shambani. Mwaka jana maji yalichukua mahindi yote. Mwaka huu sina imani nayo pia.

Nimeacha mafuta ya taa. Nilichukua brashi kavu kama alivyoagiza, na kwa mara ya kwanza niliutazama mtambo badala ya kuufuta tu. Kandokando ya kila kitufe cha kuzungusha baba yako aliandika namba ndogo kwa penseli, ili ajue akirudishe wapi. Namba za upande wa kushoto zinasomeka vizuri. Za upande wa kulia zimefifia, na upande wa kulia ndio ninaoanzia kufuta. Basi jambo hilo nimelifanya mimi, kila Jumamosi, nikijisifu kwa usafi.

Nimefungua mlango wa nyuma bila kugusa kitu. Nilitegemea kukuta vurugu. Waya zote zimekunjwa kwa pembe moja na kufungwa kwa uzi wa kushonea viatu, fundo kwa fundo, hata mahali ambapo hakuna jicho lingefika. Mita aliitoa kwenye jenereta mbovu la shamba la katani la Kimamba. Akakifuta kipimo cha zamani na kuchora chake. Nilikuwa nikimcheka kwamba ameoa masanduku. Nilimwambia mbele za watu, katika harusi ya mwanangu Danieli, kwamba mwalimu huacha wanafunzi, na yeye ataacha kelele. Alicheka pamoja nao.

Umeniuliza kuhusu kasha la juu. Liko mahali salama. Halimo sebuleni kwa sababu ya nafasi. Usiniulize zaidi kwa sasa, na usimwambie fundi wako ahadi yoyote kabla sijakuandikia.

Soma kwa bidii hiyo leseni. Mtihani wowote unaanza na utaratibu.

Ni mimi baba yako mdogo,
Makarius Danieli

&nbsp;

Kilosa
15 Aprili 1996

Kwa Bwana Seuri,
kwa mkono wa mwenye duka karibu na stesheni, Kimamba

Ndugu Seuri,

Natumaini mifugo na nyumba ni wazima.

Utakumbuka sikukuu ya mavuno ya mwaka jana kanisani kwetu, ulipomsindikiza mkeo Namayiana. Kila mtu alileta mbele ya altare alichovuna, na baada ya ibada vitu vilinadiwa nje, fedha ikaenda kwenye paa la kanisa. Shamba langu lilikuwa limechukuliwa na maji. Mimi ni mzee wa kanisa, ninayesimama mlangoni na kuwatazama wengine wamebeba nini. Sikuweza kuingia mikono mitupu. Nikaleta kasha la chuma lenye chupa mbili za kioo, nikasema ni kipaza sauti kutoka nyumbani kwangu. Ukalinunua wewe.

Kasha hilo lilitoka nyumbani kwangu, lakini halikuwa langu. Ni la marehemu kaka yangu, na sasa ni la binti yake, ambaye hajui kwamba nimelitoa. Niliona kwamba mtambo halisi ni lile la chini, na hili ni la kukuzia sauti tu, kama la shuleni, wala halitakumbukwa. Nimegundua kwamba nilikosea.

Nakuomba unirudishie kimyakimya. Nitakuletea kitu kingine cha uzito ule ule. Nisingependa jambo hili lifike kwa padri wala kwa binti huyo.

Wako,
Mwalimu Makarius Danieli

&nbsp;

Kimamba
28 Aprili 1996

Mwalimu,

Anayesema ni Seuri. Anayeandika ni Namayiana, mama wa watoto wangu, aliyesoma darasa la watu wazima.

Habari za huko. Sisi ni wazima, ng'ombe ni wazima, nyasi ni nyingi, mbung'o pia ni wengi.

Nakumbuka siku ile. Mimi si mtu wa kanisa, nilikuja na mke wangu na mbuzi wake. Filipo alinadi kuku, maboga, miwa, watu wakacheka. Alipoinua sanduku lako wakanyamaza. Mmoja akasema, "Hilo la umeme, litatuunguza." Filipo akasema, "Jamani, la Mwalimu hili!" Kimya. Nikakuona umesimama umeshika kofia, unatazama viatu. Nikanyoosha fimbo. Sikutaka sanduku. Nilitaka uache kutazama viatu.

Sasa unasema si lako. Mwalimu, kwetu mtu huweka ng'ombe wake katika boma la rafiki. Rafiki anakunywa maziwa, anamchunga, anamtibu. Lakini hamtoi kwa mtu mwingine bila mwenyewe kujua. Akimtoa, habari inatembea, na hataletewa ng'ombe tena mpaka afe.

Sanduku lipo. Nimelifunika ngozi, halijanyeshewa. Lakini siwezi kukupa wewe. Nikikupa wewe, nampa mtu kitu kisicho chake mara ya pili. Nitampa binti mwenyewe, mkononi. Mlete, au lete barua yake. Sitaki kitu kingine badala yake. Mazungumzo yamekwisha hapo.

Seuri

Mwalimu, Seuri ameondoka kunywesha ng'ombe. Haya sasa ni yangu mimi Namayiana. Sanduku lipo, lakini ndani si kama lilivyokuwa. Kulikuwa na chuma kizito, na ndani ya chuma waya mwembamba mwekundu, mwingi, hauishi. Waya wa dukani unaota kutu kwa jasho, shanga zinakatika. Nilidhani ni chuma cha kanisa, hakina mwenyewe. Niliufungua taratibu nikatungia mapambo ya harusi ya binti yangu Naishorua, ya shingoni na ya masikioni. Seuri hajui. Anaamini sanduku ni zima, na amekuambia hivyo, nami nimeandika alivyosema. Tangu nisome barua yako kwa sauti mbele yake silali vizuri. Ukija, njoo ukijua.

N.

&nbsp;

Mikumi
12 Mei 1996

Baba mdogo,

Shikamoo. Naandika neno hilo kwa kuwa ni wajibu.

Fundi Jastin hakuweza kungoja. Alipata safari ya Kilosa, akapita nyumbani kwako wakati ulipokuwa Mvumi. Mama mdogo Angela alimpokea vizuri, akampa uji, akamfunulia mtambo. Alipouliza kasha la juu, mama mdogo alimjibu bila wasiwasi wowote, "Aa, lile Mwalimu alilitoa mavuno. Wamasai walilinunua." Jastin alirudi Mikumi akanieleza akitazama pembeni, kama mtu anayeleta habari za msiba.

Mahali salama. Hayo ndiyo maneno yako, ninayo hapa mbele yangu. Uliandika kurasa mbili juu ya namba za penseli na uzi wa viatu, ukanifanya nilie, ukijua kwamba kitu ninachokitaka hakipo. Afadhali ungeninyamazia tu kama mwanzo.

Unamkumbuka Marko, mtoto wa jirani, aliyechukua chaki mbili shuleni kwako? Ulimsimamisha mbele ya gwaride. Sote tulikuona. Ningependa kujua chaki na kasha vinatofautianaje.

Mimi nimekua nikiambiwa, "Kuwa kama baba yako mdogo, haongopi." Baba mwenyewe alikuwa akisema hivyo. Ndiyo maana mama alileta mtambo kwako, si kwa mjomba wa Vidunda aliyeuomba.

Nami sikukuambia yote, niyaseme sasa, nisije nikajifanya msafi. Kabla ya Jastin kuja, meneja wa hapa aliniuliza kama baba aliacha kitu cha kizamani cha kupamba baa. Nikamwambia upo mtambo. Akasema utapendeza, chupa zitapangwa juu yake. Nikakubali. Barua yangu ya kwanza kwako ilitoka huko. Hadi leo sijamwambia meneja kwamba nimebadili nia, kwa kuogopa kibarua. Kwa hiyo, wewe ulipoandika kwamba nimekuwa kama watu wa siku hizi, nilikasirika kwa sababu ulipatia.

Lakini mimi sijampa mtu. Wewe umempa.

Verdiana

&nbsp;

Kilosa
27 Mei 1996

Mpendwa Verdiana,

Chaki na kasha havitofautiani, isipokuwa kwamba Marko alikuwa na umri wa miaka kumi na mimi nina sitini na sita.

Sikuona njia ya kukuandikia kabla sijafanya jambo, kwa hiyo nimefanya mawili. Jumapili niliomba nafasi baada ya matangazo, nikasema mbele ya wote kwamba nilichokitoa mavuno ya mwaka jana hakikuwa changu. Padri aliinamisha kichwa. Nilitegemea wazee wenzangu waniondoe pale pale. Badala yake Filipo, yule mnadi, alisema kutoka benchi la nyuma, "Mwalimu, shukuru hakuwa kuku, tungeshamla." Kanisa zima likacheka. Verdiana, ningependelea wasingecheka. Nimerudisha ufunguo wa mlango wa kanisa, hawajanirudishia.

Jumatatu nilimpelekea fundi Jastin ujumbe, naye akaja. Tulipata pikapu hadi Kimamba, tukatembea hadi kwa Seuri. Aliuliza, "Binti yuko wapi?" Nikampa barua yako. Sikuwa na nyingine. Alimpa mkewe aisome, nikasimama nikisikiliza maneno yako yakisomwa uwanjani, pamoja na yale ya Marko. Alipomaliza, Seuri akasema, "Huyu ndiye mwenyewe," akaenda kufunua ngozi.

Mimi nilikuwa ninajua kitu ambacho yeye hakujua. Namayiana alikuwa ameniandikia chini ya barua ya mumewe kwamba aliufungua waya wa transfoma akatungia shanga za harusi ya binti yao. Wewe pia hukujua, nami sikukuambia. Ongeza hilo katika hesabu yangu. Jastin alifungua kifuniko. Chupa zote mbili zilikuwa nzima. Chuma kilikuwepo, vipande vyake vimepangwa na kufungwa kitambaa, na karatasi za katikati zimekunjwa vizuri. Waya haukuwepo.

Seuri akamwuliza, "Fundi, chuma kinakula waya?"

"Hakili, mzee."

Namayiana akasema, "Ni mimi."

"Uliandika barua yangu ukijua?"

"Niliandika ulichosema. Hukuniuliza langu."

Seuri alikaa chini juu ya ngozi. Baadaye akanitazama akasema, "Mwalimu, nilikununulia aibu yako, kumbe nimeipeleka nyumbani."

Wakamwita Naishorua. Alikuja akainamisha kichwa nikamgusa, kama ilivyo desturi yao. Alikuwa ameyavaa mapambo yale. Ni sahani pana za shanga, nyeupe na buluu na nyekundu, moja juu ya nyingine, zinazotikisika anapotembea. Nilijua ndani yake kuna nini, lakini sikuona kitu ila shanga. Jastin aliomba kuona ukingo mmoja. Akasema mtungaji amekunja kila mwisho wa waya kwa pembe ile ile, hakuna uliochomoza. Namayiana akasema kwa ukali, "Ukichomoza unamchoma mtoto." Nikakumbuka mlango wa nyuma wa mtambo, nikalazimika kutazama ng'ombe.

Fundi alieleza hivi, nami nakuandikia bila kupunguza. Waya mpya unapatikana Dar es Salaam. Anaweza kuisuka upya transfoma juu ya chuma kile kile, na mtambo utasema. Lakini utakuwa umesukwa na Jastin, na mtu anayejua akiufungua ataona mkono wa pili mahali ambapo palikuwa na mkono mmoja. Au shanga zifumuliwe, waya unyooshwe, naye ajaribu kuurudisha. Mwingine utakatika. Hawezi kuahidi.

Seuri alisema zifumuliwe leo hii. Namayiana alikwisha kushika kisu. Hapo binti mwenyewe akaongea, kwa Kiswahili kizuri cha shule.

"Huyo dada anataka waya, au anataka sauti?"

Akaendelea, "Akitaka sauti, fundi amesema ipo njia. Akitaka waya wa baba yake, nitavua. Sitaki kuolewa nimevaa kitu cha mtu. Lakini aseme yeye."

Nilikuwa na jibu mdomoni, Verdiana. Nilitaka kusema kwamba nakufahamu, kwamba una moyo mkubwa, kwamba bila shaka hungependa binti wa watu avue shanga zake. Maneno yalikuwa mazuri, tena yangeniokoa mimi. Nikaona kwamba ningekuwa nimetoa kitu chako mbele ya watu kwa mara nyingine. Nikasema, "Sijui anataka nini. Nitamwandikia."

Harusi ni baada ya mavuno. Kasha limebaki kwa Seuri, anasema atalichunga hadi utakapokuja. Hilo la chini nalo litoe kwangu ukipenda. Sitaona vibaya.

Ni mimi,
Makarius

&nbsp;

Mikumi
9 Juni 1996

Baba mdogo, shikamoo.

Barua yako niliisoma mapokezi, simu ya upepo ikaita mara kadhaa sikupokea, meneja akatoka ofisini kuona kama nimekufa. Nikatumia nafasi hiyo hiyo kumwambia kwamba mtambo hautakuja baa. Alisema basi atatafuta gramafoni. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo, na mimi nimeiogopa tangu Desemba.

Bado nina hasira nawe. Sikudanganyi. Lakini ulipomjibu Naishorua kwamba hujui, hapo ulinitendea haki. Kasha la chini libaki kwako. Lifute kwa brashi kavu.

Swali lake limenishinda. Jumatatu nilikuwa na hakika kwamba nataka sauti, na waya ni waya. Jumanne nikakumbuka vidole vya baba vikizungusha waya ule, akihesabu kwa midomo, mama akimwita kula na yeye akiinua mkono ili asipoteze hesabu, nikataka kupanda basi siku hiyo hiyo nikaudai. Kisha nikajiona nimesimama mbele ya bibi harusi nimenyoosha mkono kuelekea shingoni mwake. Nilikuwa mtu aliyeonewa, baba mdogo, na nilianza kuzoea. Sasa naweza kuonea mimi.

Jastin nimemwuliza afadhali ipi. Alisema, "Dada, mimi ni fundi," akainama kwenye kazi yake.

Mwambie Seuri mtu yeyote asishike kisu. Mwambie Namayiana kwamba sijamkasirikia. Alichukua kitu alichoambiwa ni cha kanisa.

Usimwahidi mtu chochote kwa niaba yangu. Nikishaamua nitaandika, na nitaandika barua mbili. Ya kwanza itakwenda Kimamba kwa Naishorua, kwa jina lake, aifungue mwenyewe. Yako itafuata.

Mwanao,
Verdiana Kornelio